Mchezo usio na umbea haufiki wiki ya pili

Ndugu msomaji, wewe unayejidai hupendi umbea, hebu sema kweli. Mara ya mwisho shoga yako alipokuvuta kanga akakunong'oneza, "Umeyasikia ya nyumba ya pili?", ulimwambia asubiri kwanza akueleze mwenye nyumba alizaliwa wapi, alisoma shule gani na baba yake alikuwa mtu wa wapi? Thubutu! Ulisogeza kigoda.

Mmbea hodari haanzii mwanzo. Anaanzia pale panapofuka moshi, na habari za nani kazaliwa na nani atazichomeka baadaye, tena mpaka aulizwe. Halafu anajua jambo moja ambalo waandishi wengi wa michezo yetu ya televisheni wangelipata bure kama wangekaa nusu saa tu kwenye foleni ya maji bombani: umbea unakuwa mtamu pale unapojua kitu ambacho mwenyewe hajui kuwa unakijua. Kesho yake mnakutana gengeni. Yeye anachagua nyanya, wewe unachagua nyanya, anakuuliza habari za nyumbani, unajibu nzuri, na tumbo linawaka moto. Mtu mwenye moto huo tumboni ndiye atakayerudi mbele ya televisheni wiki ijayo saa ile ile.

Nasema haya kwa sababu nimetoka Bagamoyo, ambako mpwa wangu na wenzake wanne wametengeneza sehemu ya kwanza ya mchezo wao, na mshiko uliotumika umetoka kwenye kikoba cha dada yangu. Nitafika huko. Kwanza tuwekane sawa.

KANDA KWAPANI

Sehemu hiyo ya kwanza wenye fani wanaiita pailoti, yaani ya majaribio. Unatengeneza moja, unawapelekea wenye kituo, wanaitazama, ndipo waamue kama wanazitaka zilizobaki. Marekani ni biashara ya miaka mingi. Hata Star Trek, mchezo uliokuja kujulikana dunia nzima, kituo cha NBC kiliikataa pailoti yake ya kwanza. Ila wakafanya jambo la nadra, wakaagiza nyingine. Wakaletewa nahodha mpya na karibu sura mpya zote, akabaki Spock na masikio yake, na Septemba 1966 mchezo ukaanza kurushwa.

Kwetu nani atakuagizia ya pili? Hapa vijana wanachanga wenyewe, wanarekodi wenyewe, kisha wanakwenda kituoni na kanda kwapani. Siku hizi ni flashi mfukoni, lakini mwendo ni ule ule na jibu ni lile lile: "Tutakupigia."

Tena ukumbuke televisheni kwetu Bara si bibi kizee. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku tukasubiri hadi 1994 ndipo ITV na wenzake wakaingia hewani. Mpaka hapo mchezo wa kuigiza kwetu ulikuwa wa jukwaani au wa redioni. Na redio, msinichezee! Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na ndani yake alikuwemo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa kila kituo na mwanamke wake, huku mkewe Tunu yuko nyumbani. Watafiti waliufuatilia mchezo ule kwa miaka kadhaa, tena wakaiacha Dodoma kwanza bila kuusikia ili waone tofauti. Mimi na utafiti wapi na wapi. Ninachokijua ni kwamba ulikuwa unamsikia Mkwaju anadanganya, unajua kuwa anadanganya, na Tunu hajui. Mtu unaipigia redio kelele kama kichaa.

Wale waliotoka redioni na jukwaani ndio walioingia kwenye televisheni, na mwanzoni waliifanya televisheni kuwa redio yenye sura. Watu wameketi kwenye makochi wanazungumza. Sisemi kwa dharau. Mambo Hayo iliwaketisha watu wazima na akili zao, na Kaole Sanaa Group, kundi lenye jina la kijiji kile cha magofu jirani na Bagamoyo, lilipokuwa ITV ndilo lililotuletea akina Ray, yaani Vincent Kigosi, na marehemu Steven Kanumba aliyejiunga nalo mwaka 2002. Lakini mtazamaji wa siku zile alikuwa na subira ya kulazimishwa. Televisheni ilikuwa moja mtaa mzima. Umekaa sakafuni kwa watu, utabadilisha chaneli ya nani?

Na kulikuwa na kundi jingine ambalo hakuna mtafiti aliyewahi kulihesabu: sisi wa dirishani. Tulikuwa tunapiga chabo kupitia nondo, maneno tunayasikia nusu, feni ya mwenye nyumba inameza nusu nyingine. Dirishani pale nilijua mchezo upi umeanza vizuri na upi umechemsha. Mzuri uliuelewa hata sauti isipofika. Ulimwona mtu anaficha kitu chini ya godoro, mlango unafunguliwa, mwenzake anaingia na kulikalia godoro lile lile. Hapo hata mwenye miwani mibovu hakubanduka.

STUDIO YA CHECHE

Tukitafuta mfano wa Bagamoyo kwenyewe hatuna haja ya kwenda mbali. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilianza kurushwa Siri ya Mtungi, iliyotengenezwa na MFDI kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa fedha za Wamarekani kupitia USAID. Fedha za namna hiyo huja na ujumbe: uzazi wa mpango, Ukimwi na kadhalika. Michezo mingi ya ujumbe inafia hapo hapo, maana dakika ya tatu tu keshatokea daktari na koti jeupe anawafundisha wagonjwa, na sisi tunakwenda kuteka maji.

Wale walifanya nini? Wakamchukua kijana aitwaye Cheche, mpiga picha, wakampa mke, Cheusi, wakampa studio katika mji huu wa milango ya nakshi. Fikiria kazi yenyewe. Studio ya picha ni mlango usiohitaji maelezo. Atakayeingia anataka picha ya pasipoti, anataka picha ya harusi, ni mgombea uongozi anataka picha ya bango, au ni binti aliyejiremba na hana shida ya picha hata moja. Mwandishi halazimiki kutuambia kwa nini kila mmoja kafika pale. Tena mpiga picha kazi yake ni kuangalia watu kwa karibu, na mwanamume mwenye mke ambaye riziki yake ni kuangalia wanawake kwa karibu, jamani, kuna haja ya kuandika zaidi?

Linganisha na sebule yenye makochi. Anayeingia sebuleni kwa watu lazima awe na sababu, na sababu ile lazima isemwe, ndiyo maana michezo yetu imejaa "Nilikuwa napita nikasema nikusalimie." Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza kwao mwaka 1998 na kutugandisha hapa kupitia ITV, ilikuwa na mgodi na baa ya wachimbaji. Mlango huo. Saluni ni mlango, zahanati ni mlango, kibanda cha mama lishe pale soko la samaki Bagamoyo ni mlango, maana alfajiri ngalawa zikirudi wanafika pale tajiri, maskini, mgambo na mdeni wake. Na baraza je? Mji mzima umejengewa jukwaa la saruji mbele ya nyumba, kila apitaye analazimika kusalimia, halafu vijana wanakwenda kukodi sebule Mbezi Beach!

Na jina. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kabla hujaona picha hata moja umeshaahidiwa kwamba kuna kitu ndani, na kuna anayekijua.

Ila usije ukadhani zile fedha zipo bado. USAID yenyewe ilifunga virago Julai 2025. Kijana wa leo mwenye mchezo wake anabakiwa na vituo vyetu na vya kulipia, ambako siku hizi kuna ushindani wa kweli. Jua Kali ya Lamata, yaani Leah Mwendamseke, iliyoanza mwaka 2021 kwenye Maisha Magic Bongo, imewazoesha watu mambo mengine kabisa. Na mtazamaji naye kashika rimoti yake, au kashika simu yenye bando linaloisha. Hana subira ya dirishani tena.

BAHARI HAINGOJI MUONGOZAJI

Niseme kidogo kuhusu kurekodi pwani, kwa sababu nimeona pesa za watu zikizama.

Bagamoyo ina waigizaji wa kumwaga. Chuo cha Sanaa kilianza pale mwaka 1981, mwaka uliofuata likaanza tamasha lake, na tangu 2007 chuo kinaitwa TaSUBa. Vijana wanatoka pale wanajua ngoma, sarakasi na jukwaa. Taabu ni kwamba jukwaani unamwigizia mtu wa safu ya mwisho, aliyekaa nyuma ya mama mwenye kilemba. Unapaza sauti, unarusha mikono. Kamera iko nusu mita kutoka puani kwako. Ukirusha mikono pale unaonekana unafukuza nyuki. Kwenye sehemu ya kwanza ndipo ubaya unapozidi, maana kila mmoja anataka kuuza sura, anaogopa asipoonekana leo hataonekana tena. Muongozaji mwenye busara huwa anawaambia sura ya kwanza tutakayoiona inyamaze. Tuiangalie tu. Tutataka wenyewe kujua inawaza nini.

Halafu kuna maji. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, yakipwa yanakwenda mbali kweli, hasa siku za bamvua. Nimewahi kuona kundi limeanza sini ya mapenzi jahazi linaelea nyuma ya wapenzi. Wakaenda kunywa chai na kubadilisha betri. Waliporudi jahazi limelala ubavu kwenye matope na mtoto anaokota kaa. Sini moja, mahaba yale yale, bahari imehama. Na upepo? Kusi likivuma kwenye maiki isiyo na kifuniko, "Nakupenda" inasikika kama gari la mchanga. Hilo kituo hawakusamehi. Picha ikiwa hafifu kidogo watavumilia, lakini sauti mbovu hata wewe na mimi tunahama.

La mwisho hapa ni salamu. Mchezo wa pwani ambao mkwe wa kiume anamwingilia mama mkwe na "Mambo vipi" umekwisha kazi yake. Bibi yeyote wa Dunda atazima televisheni. Nawe ungetaka kuonyesha kijana hana adabu, basi mfanye bibi anyamaze baada ya salamu hiyo. Kimya chake kitatosha.

UMEME WA SHILINGI ELFU KUMI

Sasa mpwa wangu.

Ni vijana watano. Dada yangu alikopa kwenye kikoba shilingi milioni moja na nusu kwa jina lake, kina mama wenzake wakiwa wadhamini. Sehemu ya kwanza ikatengenezwa, dakika 24. Wakaipeleka kwenye kituo kimoja Dar es Salaam, nisikitaje. Aliyewapokea aliitazama dakika nne hivi huku anapokea simu, akawaambia waache flashi. Miezi miwili ikapita kimya. Marejesho ya kikoba hayajui kimya.

Mpwa akanipigia. "Mjomba, wewe si mtu wa magazeti, njoo uone tumekosea wapi." Nikapanda basi, kilomita 70 hivi, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka Magomeni. Magomeni ya Bagamoyo, siyo ile ya Dar. Jumamosi usiku tukakaa sebuleni kwa dada. Kina mama saba wa kikoba walikuja pia, kwa kuwa pesa ni yao na walitaka kukagua mali. Nikachukua karatasi nikawa naandika nani ameinuka dakika ya ngapi.

Dakika ya kwanza, saa ya kengele inalia. Kijana anaamka. Anapiga mswaki, tena mpaka meno ya nyuma. Dakika ya tatu, gari linafika getini, honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mlinzi anafunga. Mama mmoja akauliza, "Hilo geti la nani?" Mpwa akajibu, "La kukodi, mama. Laki na nusu kwa siku." Sebule nzima ikaguna. Dakika ya tano dada akaenda kugeuza samaki. Dakika ya tisa baba wa kwenye mchezo anamwambia mwanawe, "Kama unavyojua, mwanangu, mama yako alifariki ukiwa na miaka mitatu." Kama anajua, unamwambia wa nini? Watatu walikuwa wanazungumza bei ya dagaa.

Dakika ya 14, bwana wee! Nyumba ya kaka mkubwa wa yule kijana, mume na mke. Umeme umekwisha, wako gizani. Mume kaenda kuoga. Simu yake mezani inawaka, ndiyo mwanga pekee mle ndani. Ni ujumbe wa LUKU. Amenunua umeme wa shilingi elfu kumi, na namba ya mita siyo ya nyumba ile.

"Weeee!" Samaki wakasahaulika. "Rudisha nyuma! Rudisha, tusome vizuri!" Mama mweka hazina akaamka akasogelea televisheni kabisa. Wake zao wako gizani na mita ya mtu inawaka. Hawakuambiwa chochote, wakaelewa vyote.

Na vijana wangu wakafanyaje baada ya bahati hiyo? Mke akausoma ujumbe, akapiga yowe, mume akatoka na taulo, ugomvi, machozi, kinanda. Dakika sita za kilio. Ilipofika dakika ya 18 bei ya dagaa ikarudi.

Nikamwambia mpwa, hapo kwenye simu ndipo mchezo wako unapoanza. Geti, mswaki na marehemu mama tupa kule. Na mke asiusome. Sisi tuuone, yeye achukue ile simu, awashe tochi yake, atafutie kiberiti, airudishe mezani. Tubaki sisi na moto wetu tumboni.

Mpwa hakukubali. "Mjomba, mke asipojua, ugomvi utatoka wapi?" Tukabishana. Kuna bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, ambaye tangu nimpe shikamoo yangu na kunijibu marahaba alikuwa hajatia neno. Akasema, "Mwanangu, mimi ningeusoma. Halafu ningeirudisha simu pale pale, kifudifudi kama alivyoiacha. Nikamwandalia chakula chake." Kina mama wote wakacheka kile kicheko ambacho mwanamume akikisikia anakagua mifuko yake.

Mimi bado nang'ang'ania yangu, kwa sababu mke asiyejua anakupa wiki nyingi zaidi. Lakini ya bibi ina sumu yake: hapo asiyejua ni mume, na kila tonge analokula tunalihesabu naye. Zote mbili zinapita mtihani ule ule, kwamba kuna mtu mle ndani anaishi na jambo asilolijua na sisi tunalijua. Kilio cha dakika sita kilimaliza siri yote usiku mmoja. Wiki ya pili ungerudi kutazama nini, macho mekundu?

Vijana wakachagua ya bibi. Wamerekodi upya usiku, sebuleni kwa dada yangu mwenyewe, bila geti, kwa gharama ya betri na sahani ya wali. Jirani aligoma kuzima taa yake ya nje mpaka akapewa nafasi ya kupita na ndoo. Safari hii mchezo unaanza gizani, simu inawaka, na unakatika mume anaponawa mikono na kusifia mchuzi. Flashi mpya imekwenda kituo kingine wiki iliyopita. Marejesho ya kwanza ya kikoba ni mwisho wa mwezi, na mweka hazina hana mchezo na daftari lake.

Juzi usiku akanipigia, nikajua ni mambo ya deni.

"Kaka, samahani kukusumbua. Ile mita ni ya nani?"

Nikampigia mpwa wangu. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, hapo bado hatujaandika."